Wafokaji wa Bongo: Je, Nao ni Malenga?

Mtu akitaka kuzusha ubishi katika baraza za Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya sala ya alasiri na kahawa ikishamiminwa, hana haja ya kutaja siasa wala kandanda. Na aseme tu kwamba wale vijana wanaofoka redioni nao ni washairi. Wazee watamkatiza kabla hajamaliza. Huyu atasema ule ni uhuni wa Kizungu uliovishwa kanzu. Yule atauliza mizani yake ni mingapi. Wa tatu atamtaja Muyaka na kutikisa kichwa. Na kijana aliyekaa pembeni na simu yake atanyamaza kwa adabu, ilhali moyoni anajua kwamba beti alizozihifadhi yeye si za Muyaka. Ni za barobaro wa Mbeya, au wa Tanga.

Mimi ni mtoto wa chuo. Kurani nilifunzwa na maalim asiyesamehe herufi iliyotoka mahali pasipo pake, na tenzi nilizijua kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho. Utunzi nimeufanya tangu ujana wangu, na kwangu vina na mizani ndio uti wa mgongo wa shairi. Hata hivyo nimeusikiliza muziki wa kufoka wa Tanzania kwa miaka mingi, na ninalotaka kulieleza leo, ndugu msomaji, ni hili: muziki huo haukukua kwa sababu vijana waliiga Marekani vizuri zaidi. Ulikua siku walipoacha kuiga wakashika Kiswahili. Na Kiswahili, pamoja na kuwapa maneno yake, kikawapa na wajibu wake wa kale, yaani wajibu wa mtunzi kusema lililopo mbele ya mwenye nguvu. Wajibu huo ukitetereka, muziki nao hupwaya, hata ukijaza viwanja.

MGENI ALIVYOBISHA HODI

Hip hop, kama wenyewe wanavyoiita, ilizaliwa katika mitaa ya Bronx, mjini New York, katika miaka ya 1970. Vijana wasio na fedha za kununua ala walichukua sahani za santuri, wakairudiarudia ile sehemu ya ngoma tupu, kisha mmoja wao akashika kipaza sauti akaghani juu yake. Kwa ufupi asili yake ndiyo hiyo: muziki wa mtu asiye na ala.

Tanzania uliingia katikati ya miaka ya 1980. Uliletwa na filamu za vijana wanaocheza wakijizungusha chini kwa mgongo na kwa kichwa, na kaseti zilizotoka kwa jamaa walioko ng'ambo. Wa kwanza kuushika walikuwa aghalabu watoto wa wenye uwezo wa Dar es Salaam, waliojua Kiingereza na wenye ndugu wa kuwatumia kaseti. Waliyakariri maneno ya Wamarekani neno kwa neno, pamoja na matusi yake, wengine bila kuijua maana.

Ikumbukwe hali ya nchi ilivyokuwa. Redio ya Bara ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, mali ya serikali. Televisheni ilikuwapo Zanzibar tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwapo. Muziki uliotawala ulikuwa wa dansi na taarabu, na bendi kubwa za dansi zilikuwa za mashirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Gitaa halikuwa lake, na mara nyingi hata jina la bendi halikuwa lake. Kijana aliyekosa nafasi katika bendi hakuwa na pa kuimbia.

Kwa kijana huyo mgeni kutoka Bronx alikuwa rahimu. Hakudai gitaa wala tarumbeta. Alidai kaseti yenye mdundo mtupu, kipaza sauti kimoja, na ulimi.

Kisha nchi yenyewe ikabadilika. Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa. Mwaka 1993 ikapitishwa sheria iliyoruhusu watu binafsi kutangaza, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika, na televisheni nayo ikaingia Bara. Vituo vipya vilikuwa na saa nyingi za kujaza na vilitaka wasikilizaji vijana. Waliokuwa wakiitwa wahuni mtaani sasa wakaalikwa studio.

KISWAHILI KILIPOSHIKA USUKANI

Hata kabla ya redio hizo kulikuwa na jambo lililotangulia, nalo lina uzito kuliko yote. Mwaka 1991 kijana wa Dar es Salaam, Saleh Jabir, aliuchukua wimbo uliokuwa ukivuma duniani, "Ice Ice Baby" wa Mmarekani Vanilla Ice, akauwekea maneno ya Kiswahili. Kwa wimbo huo alishinda shindano la wafokaji lililoitwa Yo Rap Bonanza, na kaseti yake ya kufoka kwa Kiswahili ikaenea. Mdundo ulikuwa wa kuazima, lakini ulimi ulikuwa wa nyumbani. Watu waliokuwa wakiucheka muziki huu kwa kutouelewa wakaanza kuucheka kwa kuuelewa. Na anayecheka kwa kuelewa amekwisha kusikiliza.

Mwaka 1993 makundi kadhaa ya Dar es Salaam yaliungana yakawa Kwanza Unit, na hao, ingawa walianza kwa Kiingereza, nao wakavutwa taratibu na Kiswahili. Kutoka Mbeya, kule karibu na mpaka wa Zambia, akatokea Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II na baadaye Sugu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alitoa "Hali Halisi", wimbo ambao jina lake linatosha kuufasiri: maisha ya kijana asiye na kazi, na wanasiasa wanaomjia wakati wa kura. Mwaka 2000 kundi la Hard Blasters likatoa kanda ya "Funga Kazi", yenye wimbo "Chemsha Bongo". Hapo ndipo wazazi waliokuwa wakizima redio walipoanza kuiongeza sauti.

Neno "bongo" lenyewe ni ubongo. Wenyeji waliipa Dar es Salaam jina hilo kwa maana kwamba mji ule hauishiki kwa nguvu za mikono, unaishika kwa akili. Kisha jina likaenea nchi nzima. Ndipo watangazaji wa redio wakauita muziki wa vijana hao Bongo Flava, yaani ladha ya Bongo.

Mbona Kiswahili kiliwafaa vile wao, ilhali Nairobi vijana walihangaika miaka mingi kati ya Kiingereza, Kiswahili na Sheng? Jibu liko shuleni. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na watoto wake walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Aliyetunga Mbeya alieleweka Mwanza, Arusha na Mtwara bila mkalimani, na akivuka mpaka alieleweka Mombasa na Lamu. Hakuna mfokaji wa Kiingereza katika Afrika Mashariki aliyepata kuwa na baraza pana kama hiyo.

VINA VYAO NA VYETU

Sasa turudi kwa yule mzee wa barazani aliyeuliza mizani yake ni mingapi. Swali lake ni la haki, na lina jibu.

Shairi letu huhesabu silabi: nane, kituo, kisha nane tena, mizani kumi na sita katika mshororo mmoja. Mfokaji hahesabu silabi, anahesabu mapigo. Mdundo wake huzunguka kwa mapigo manne, na ndani ya mapigo hayo aweza kutia silabi nane au kumi na nane, mradi silabi yenye mkazo iangukie pigo. Na Kiswahili, kama tujuavyo, hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, takriban katika kila neno. Kwa hiyo aliyejua kufoka kwa Kiingereza hakuweza kuyabeba maneno yake na kuyamimina katika Kiswahili. Ilimbidi ajifunze upya pa kupumua. Anayesema vijana hawa hawana kipimo hajawahi kujaribu kuingiza neno "wanaotutawala" ndani ya pigo moja bila kujikwaa.

Ama vina, hapo ndipo palipowatenga mafundi na wababaishaji. Maneno yetu humalizikia irabu, kwa hiyo kina cha silabi moja ni rahisi kama kuokota kombe ufuoni. Yeyote aweza kupanga "nakwenda", "napenda" na "natenda" akadai ametunga. Wafokaji hodari waliona aibu ya vina hivyo vya bure. Wakatafuta vina vya silabi mbili na tatu, wakavipachika hata katikati ya mstari, pale pale ambapo sisi huweka vina vya kati. Wamejiundia na msamiati wao: ubeti wameugawa kwa "mistari", kufoka wamekuita "kuchana", na kutunga papo kwa papo mbele ya watu wamekuita "mitindo huru". Katika mitindo huru hiyo alisifika sana Albert Mangwea, aliyejulikana kama Ngwair, aliyefariki Johannesburg mwezi Mei 2013 na kuzikwa Morogoro kwa umati mkubwa. Na kutoka Morogoro hiyo hiyo, Selemani Msindi, yaani Afande Sele, alishinda shindano la mwaka 2004 akatawazwa mfalme wa vina.

Mashindano hayo nayo si ajabu kwetu. Muyaka bin Haji, aliyeaga dunia mnamo 1840, alilumbana na washairi wa Lamu wakati Mombasa na Lamu zilipokuwa zikivutana, na beti zilivuka bahari kama mishale. Vijana hawa wakirushiana maneno, huyu akimwita yule mwoga na yule akimwita huyu mwizi wa mistari, wanafanya yale yale waliyoyafanya babu zetu, ila wao hawana jahazi la kungojea. Jibu hufika usiku ule ule.

Tofauti kubwa naiona kwingine. Mshairi wetu hupenda fumbo. Hulifunga neno lake kama tambuu, atakayelitafuna ndiye atakayejua kilichomo. Mfokaji huliweka neno juu ya meza likiwa wazi. Njia zote mbili zina heshima yake. Lakini njia ya uwazi ina gharama, kama tutakavyoona.

TANGA KUNA NENO

Msomaji wa Pwani asidhani haya yote ni ya Dar es Salaam na bara tu. Ukivuka Lunga Lunga na kushika njia ya kusini unafika Tanga, na Tanga imetoa wafokaji ambao mji wowote ungejivunia.

Vijana wawili wa huko, Mkoloni na Dr. John, walijiita Wagosi wa Kaya, jina la Kisambaa na Kibondei ambalo ni kama kusema wanaume wa nyumbani. Kanda yao ya "Ukweli Mtupu" ilitoka mwaka 2002. Walifoka kwa lafudhi ya kwao bila kuificha, na watu walicheka. Kisha kicheko kikawakwama kooni, kwa kuwa maneno yenyewe hayakuwa ya mzaha. "Tanga Kunani" uliuliza umepatwa na nini mji uliowahi kusifika kwa katani na viwanda. "Wauguzi" ulisema juu ya mgonjwa anayefika hospitali akapokewa kwa matusi badala ya dawa. Kila aliyewahi kumpeleka mama yake kujifungua, akakaa benchi tangu alfajiri, alikuwa na wimbo wa kuonyesha kidole.

Naupenda mfano wa Wagosi kwa sababu unaonyesha namna muziki wa kigeni unavyokuwa wenyeji. Hawakuzungumzia bastola za mitaa ya Marekani. Walizungumzia benchi la zahanati. Kadhalika Arusha, kundi la X Plastaz lilimwingiza Mmaasai aliyeimba kwa sauti ya kwao, na kanda yao ya mwaka 2004 ikasikika hadi Ulaya. Kila mkoa ulileta chombo chake, na Kiswahili kikawa bahari ya vyombo vyote.

Wanawake nao hawakukaa nyuma ya pazia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Zay B alifoka bila kuomba ruhusa ya mtu, na baada yake wakaja wengine, hadi Rosa Ree wa siku hizi. Njia yao imekuwa nyembamba zaidi, maana mfokaji mwanamume akikemewa huambiwa muhuni, lakini mwanamke huulizwa na babake ni nani.

NENO NA DOLA

Mwaka 2001 Joseph Haule, Profesa Jay wa Hard Blasters, alitoa kanda yake mwenyewe, "Machozi, Jasho na Damu". Ndani yake mlikuwamo "Ndiyo Mzee". Katika wimbo huo hakumtukana mwanasiasa. Alimpa kinywa. Alimwacha mgombea asimame jukwaani na kuahidi, ahadi ikipanda juu ya ahadi hadi ikafika mahali pa kuchekesha, huku umati ukiitikia kwa kukubali kila kitu. Ukisikiliza vizuri unatambua kwamba aliyechekwa si mgombea peke yake. Ni umati nao. Ni sisi. Huo ni ufundi wa kale: kumvisha mtu joho lake mwenyewe na kumwacha atembee.

Maneno ya namna hiyo hayakosi kufika ikulu. Mwezi Machi 2017 mfokaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo". Siku iliyofuata waziri alitangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo na ameagiza aachiliwe, tena auongezee mengine. Watu walishangilia. Mimi niliwaza: uhuru unaotegemea wimbo kumpendeza mkubwa ni uhuru wa kuazima. Na kweli, hata mwezi haujapita, Aprili 2017, Ibrahim Mussa aitwaye Roma, mzaliwa wa Tanga, alitekwa na watu wasiojulikana pamoja na wenzake studio Dar es Salaam. Walipatikana baada ya siku tatu, wakieleza kuwa walipigwa. Baadaye Roma alihamia Marekani. Kijana aliyekopa muziki kutoka nchi ile akaenda kukopa na usalama.

Sisi wa Mombasa haya si mageni. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, kwa kuandika waraka ulioiuliza serikali ya Kenya inaelekea wapi. Alikaa kifungoni hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga humo kwa siri yakatoka mwaka 1973 katika "Sauti ya Dhiki". Leo kitabu hicho chatajwa kila inapozungumzwa fasihi ya Kiswahili. Sasa tujiulize: mbona yeye tunamwita malenga, na hao wengine wahuni? Kama tofauti ni ala na mavazi, basi tumepima kanga kwa ukurasa wa nje.

KUTOKA JUKWAANI HADI BUNGENI

Historia hii ina mkasa ambao hata mtunzi wa riwaya angeuogopa. Mwaka 2010 Sugu alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2015 akarudi, na safari hii Profesa Jay naye akachaguliwa, Mbunge wa Mikumi. Yule aliyemtania mgombea mwenye ahadi nyingi sasa alisimama yeye mwenyewe jukwaani na kuahidi.

Mwezi Februari 2018 Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno dhidi ya Rais aliyoyasema katika mkutano wa hadhara, akatoka mwezi Mei mwaka huo kwa msamaha. Mwaka 2020 wote wawili walipoteza viti. Mwaka huo huo mfokaji mwingine, Hamis Mwinjuma, aliingia Bungeni kupitia chama tawala cha CCM akiwa Mbunge wa Muheza, mkoani Tanga. Huyu ndiye Mwana FA, kwa ukamilifu Mwana Falsafa, mmoja wa watunzi waliosifiwa kwa mistari iliyopangwa kwa akili. Mwaka 2023 aliteuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, wizara ambayo chini yake liko Baraza la Sanaa la Taifa, lenye mamlaka ya kusajili wasanii na kufungia nyimbo.

Katika kizazi kimoja, basi, kufoka kumepita njia nzima: kutoka uhuni hadi redio, hadi gereza, hadi kiti cha naibu waziri. Wengine husema huo ndio upeo wa ukuaji. Mimi nasema huo ndio mwanzo wa mtihani.

Kila aliyesoma chuoni ajua kuna sura katika Kurani Tukufu inayoitwa kwa jina la washairi. Mwishoni mwake washairi wanalaumiwa, na sababu mojawapo ya lawama ni kwamba wao husema wasiyoyatenda. Kisha wanavuliwa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Na twajua kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, aliyeutetea Uislamu kwa beti. Wanaoharimisha ala wana hoja zao na mimi si mufti. Ninachokizungumzia ni neno. Kipimo cha neno tumekwisha kupewa, nacho hakiangalii kofia wala kanzu. Kinauliza tu kama anayesema anatenda.

Kwa kipimo hicho mfokaji aliyepata cheo hana budi kusikilizwa kwa nyimbo zake za zamani. Kijana wa Muheza au wa Mikumi ana haki ya kumwambia mheshimiwa: uliyaimba haya, sasa ufunguo uko mkononi mwako, fungua. Na ana haki ya kuyaimba asiyoyapenda mheshimiwa huyo, bila kungoja apendeze.

FEDHA NAYO HUNYAMAZISHA

Si dola peke yake inayoziba midomo. Katika miaka ya kaseti, mauzo yalikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wachache wa Kariakoo. Mtunzi aghalabu alipokea fedha mara moja, akatia sahihi, na kanda ikamwacha. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, na chama cha hakimiliki, COSOTA, kikaanzishwa mwaka 2001, lakini kanda za wizi zilikuwa zimekwisha kutapakaa.

Wenye studio, kama P-Funk wa Bongo Records na Master Jay, ndio waliotengeneza midundo iliyoanza kuwa na sura ya nyumbani, na wengi walijulikana kupitia kwao. Lakini redio ilipogundua kuwa mahaba huuza zaidi kuliko benchi la zahanati, ladha ya Bongo ikageuka. Waimbaji wa mapenzi wakachukua jina la Bongo Flava, wakapata mamilioni ya watazamaji, na hatuwaonei husuda. Riziki hugawanywa na Mola. Wafokaji wakabaki na chumba chao, kina watu wachache zaidi, ila wanaosikiliza kila neno. Humo mna Fid Q wa Mwanza, Joh Makini wa Arusha, Nikki Mbishi, na wengine wanaoamini bado kwamba mstari una thamani kuliko mkufu.

NA SISI JE?

Kenya hatukuwa watazamaji tu. Katika miaka ya 1990 Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, walionyesha kwa "Tafsiri Hii" kwamba hata mtaa wa jaa la taka unaweza kunena kwa Kiswahili. Hapa Mombasa wakatokea Ukoo Flani, na makundi hayo yakaja kuungana. Kazi yao ya "Kilio cha Haki" ilitoka mwaka 2004. Vijana wa Mombasa walifoka, na wengi wetu tulio na vitabu vya ushairi mikononi hatukuwafungulia mlango. Tuliwaachia wageni kutoka Ulaya wawarekodi na kuwaandikia tasnifu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu moja. Beti za Muyaka tunazo leo kwa kuwa walikuwapo watu waliohangaika kuzikusanya. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alizitafuta vinywani mwa wazee, Mwingereza Taylor akazihifadhi, na hatimaye mwaka 1940 zikachapishwa. Wangesema yale ni maneno ya sokoni tu, leo tungekuwa na jina la Muyaka bila Muyaka. Ni nani anayeyakusanya maneno ya vijana hawa? Kaseti za miaka ya 1990 zimeliwa na unyevu, nyingi hazina nakala, na waliotunga wameanza kututoka mmoja mmoja.

Naomba basi mambo mawili. La kwanza, wenye ujuzi wa ushairi katika Pwani hii, walimu wa shule na wa vyuo pamoja, wawaite vijana hawa barazani. Wawafunze tofauti ya kina cha bure na kina cha kazi, utajiri wa Kimvita na Kiamu, na adabu ya kukosoa bila kutusi. Nao vijana watufunze kusema jambo kwa jina lake, jambo ambalo sisi, kwa kupenda mafumbo, wakati mwingine tumelitumia kujificha. La pili, maneno yao yaandikwe, yawekwe, yasomwe kama yanavyosomwa ya wengine. Yaliyo pumba yatapeperuka yenyewe, na yaliyo punje yatabaki.

Ama mzee wa barazani ambaye bado hajaridhika, namwachia ubeti huu. Mizani yake aihesabu mwenyewe, na akipenda amkabidhi yule kijana wa pembeni:

Kijana unapofoka, usisahau asili,
Neno likishakutoka, huwa ni deni kamili,
Cheo kikikufunika, usiiuze kauli,
Mdundo ukishachoka, libakilo ni la kweli.